Miaka Minne Kitaluni, na Mti Ulioanza kwa Kwenda Chini

Kwa wadogo zangu wa Form One na Form Two mtakaobaki na ufunguo wa kitalu,

Jana nimemaliza karatasi ya mwisho, ya Biolojia, na Jumamosi baba anakuja kunichukua twende Ntimaru. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi mimi ni mstaafu. Mwalimu Otieno wa Kilimo aliponisikia nikisema hivyo alicheka, akasema mstaafu wa miaka kumi na minane hajawahi kumwona. Lakini kazi ya kitalu nimeifanya miaka minne, kila asubuhi kabla ya paredi na kila Jumamosi hadi saa sita, na mtu aliyefanya kazi miaka minne bila kufukuzwa ana haki ya kuandika anachokumbuka.

Naandika kwa sababu nikiwaambia kwa mdomo nitaona haya na kumeza nusu ya maneno. Kwenye karatasi sina haya. Mengi nimeyatoa kwenye shajara yangu. Mengine hata kwenye shajara sikuthubutu kuyaweka, hayo nayatoa kichwani.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Niliwahi kuwa katibu wa klabu ya miti kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na huo ndio uongozi wangu wote.

Nilikuja hapa Karungu mwaka wa tisini na tatu, Mkuria peke yangu bwenini. Wenzangu wote walikuwa wakiongea Dholuo, na mimi nilikuwa na Kiswahili cha soko la mpakani, kile cha "naomba unipishe" na "samahani sana". Walikuwa wanakiiga wakicheka hadi wanashika ukuta. Waliniita Mtanzania mpaka Form Two. Basi wiki ya kwanza tulipoambiwa kila mtu achague klabu, nikaangalia orodha. Mdahalo, ni kusema. Maigizo, ni kusema mbele ya watu. Muungano wa Wakristo, ni kusema na kulia. Miti. Nikaandika miti.

Siku yangu ya kwanza kazini sikusalimiwa. Nilimkuta mama mmoja mrefu, amefunga leso kiunoni juu ya ovaroli ya kiume, akanipa karai na kunionyesha rundo la udongo. "Chekecha," akasema. Nikachekecha hadi kengele ya chakula. Huyo ndiye Nyar Kadem, mfanyakazi wa shule aliyekuwa na kitalu kabla yangu na ambaye bado anacho. Mnamjua kwa sura, labda historia yake hamuijui. Alizaliwa Kadem, upande wa Macalder, akaolewa huku, na kama ilivyo desturi ya Waluo wakamwita kwa kwao: binti wa Kadem. Mume alifariki zamani. Kabla ya kuajiriwa na shule alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu mtoni kule Macalder, na karai aliyonipa ilikuwa ni ile ile, chini imepauka kwa kusuguliwa.

Mwezi mzima ulipita kabla hajaniambia sentensi nzima. Ilikuwa hii: "Kule nilikuwa natupa udongo naweka jiwe. Hapa natupa jiwe naweka udongo. Dhahabu sijaiona kule wala huku."

Nilimpenda siku hiyo.

Kila kitu ninachojua alinifundisha yeye. Kutoboa kopo kwa msumari mdogo, wala si mkubwa, ili maji yaanguke kama mvua ya adabu. Kuweka majivu kuzunguka vitanda ili mchwa wasipite. Kumwagilia asubuhi, maana mche uliomwagiliwa jua likiwa kali unachemka kama mboga. Na zaidi ya yote, kukata mizizi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunainua tyubu za nailoni moja moja, na mzizi wowote uliotoboa nailoni ukaingia ardhini tunaukata kwa wembe. Mche usipokatwa unashika ardhi ya kitalu, na siku ya kuuhamisha unakufa kwa kung'olewa. Nyar Kadem alikuwa akisema mche ni kama mtoto wa bweni: mamake akimshikilia sana getini, hatasoma.

Sheria hiyo ni nzuri. Ifuateni. Imeniharibia mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo sababu ya barua hii.

Muhula wa pili wa Form One, rafiki yangu Atieno, tuliyekaa naye dawati moja, alirudi kutoka mapumziko na mfuko wenye kokwa tatu kubwa, kila moja kama ngumi ya mtu mzima, zina nyuzi kama ndevu. Babake ni mvuvi hapa ghubani. Nyavu zilileta tunda moja la rangi ya machungwa, kubwa kama kichwa cha mtoto, limeanza kuoza, linanukia utamu. Walipolichambua wakakuta kokwa hizo tatu ndani. Baba alitaka kuzitupa. Mama akasema ziwa limeleta, shule itajua.

Shule haikujua. Mwalimu Otieno alizigeuza mkononi akasema ni mnazi wa aina ndogo. Ouma, mpishi mkuu, ambaye hakuna jambo duniani ambalo hajalifanyia kazi mahali fulani, akasema ni mchikichi wa mawese, yeye amelala chini yake Kigoma. Atieno alisema ni mayai ya kitu. Nyar Kadem alichukua tyubu tatu kubwa, zile za maembe, akazika kokwa nusu nusu, akaziweka mwisho wa kitanda.

Hazikuota. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wavulana wakipita kwenda uwanjani walikuwa wanauliza kama Nyar Kadem bado anaatamia. Yeye aliendelea kumwagilia na mimi niliendelea kwa sababu yake.

Sasa nafika mahali pagumu.

Form Two, muhula wa kwanza, Nyar Kadem alinipa wembe. Maana yake, kazi ya kukata mizizi ilikuwa yangu. Nilijiona mkubwa. Jumamosi ile nilikata migrevilea yote, nikakata mipera, nikafika mwisho wa kitanda. Nikainua tyubu ya kwanza ya kokwa, ikakataa. Nikavuta. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, kinene kama kidole gumba, kimetoboa nailoni na kuzama ardhini. Juu ya tyubu hakukuwa na jani wala dalili. Nikafurahi kwamba kokwa iko hai, nikafuata sheria. Nilichimbua kidogo, nikakata. Tyubu ya pili vilevile. Nilipogusa ya tatu kengele ya chakula ikalia, na siku ya Jumamosi kulikuwa na nyama, nikaiacha tyubu hiyo.

Vile vipande viwili niliviweka mfukoni. Sijui kwa nini. Vilikuwa laini, vimejaa maji, havikufanana na mzizi. Baada ya kula nilikaa darasani peke yangu nikapasua kimoja kwa urefu na wembe ule ule. Ndani, kwenye ncha kabisa, kulikuwa na jani. Dogo kama ukucha, la manjano, limekunjwa kama mwavuli uliofungwa. Nikapasua cha pili. Jani.

Kile hakikuwa mzizi. Mti wenyewe ulikuwa umetoka ndani ya kokwa na kwenda chini ya ardhi kwa hiari yake, ukizamisha jani lake kwanza mahali penye maji kabla ya kulipandisha juu. Nilikuwa nimekata vichwa viwili nikidhani nakata miguu.

Nilirudi kitaluni mbio. Nilimkuta Nyar Kadem akifunga bomba, nikamwambia tyubu ya tatu tusiiinue tena. Akauliza kwa nini. Nikasema nahisi tu. Akanitazama, akasema sawa.

Wiki chache baadaye kokwa zile mbili zikaoza. Mwalimu Otieno alipozikuta zimejaa mchwa alikasirika, na mbele ya klabu nzima akamsema Nyar Kadem. Kwamba majivu hayakuwekwa. Kwamba mbegu imetoka mbali, inakuja kufia mikononi mwa mtu anayelipwa kuitunza. Nyar Kadem alikuwa ameweka majivu. Nilimwona akiyaweka. Mchwa walikuja kwa sababu kokwa zilikuwa zimeshakufa. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na kopo la maji. Sikusema kitu. Shajara yangu ya siku hiyo ina maneno mawili: Mvua leo.

Basi mnajua. Mtu mliyekuwa mkimwita shangazi wa miti aliua miti miwili, kisha akamwacha mwingine asemwe. Endeleeni kusoma.

Mwaka ule ule tuliambiwa kitalu kihame, kwa sababu ukumbi wa kulia ungejengwa mahali pale. Miche mingine ilikuwa ya kubebwa tu kwa wilbaro. Kokwa ya tatu ilikuwa imeshika ardhi. Nilijua, Nyar Kadem hakujua, kwamba ncha iko mbali chini na ikivunjika basi. Nilimwomba tuichimbe kwa mikono. Tulianza asubuhi. Mkono wangu uliingia hadi kiwiko, ukaingia hadi kwapa, shavu langu limelala juu ya udongo, ndipo nikaigusa ncha.

"Ulijuaje iko huko?" akauliza.

"Nilihisi, mama."

"Wewe unahisi sana," akasema.

Tyubu yoyote ingekuwa fupi. Nyar Kadem alichukua gunia la katani, akalikata, akalishona kwa sindano ya magunia hadi likawa mrija mmoja mrefu, kama mguu mmoja wa suruali. Alisema la katani, lisiwe la plastiki, kwa sababu katani inaoza ardhini na mti utapita bila kumwomba mtu ruhusa. Tukasimamisha suruali hiyo ndani ya shimo kwenye kitalu kipya, tukaijaza udongo uliochekechwa, kokwa juu, mkia ndani. Wanafunzi waliuita mti wetu Suruali mwaka mzima. Niliwaacha. Jina zuri kuliko mnazi.

Mwisho wa Form Two jani la kwanza likatoka. Nilikuwa wa kwanza kuliona, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hilo lipo kwenye shajara kwa herufi kubwa. Lilikuwa moja tu, gumu, limesimama kama upanga, lina mikunjo kama sketi zetu za shule. Ouma alikuja kuliangalia akiwa na mwiko mkononi. Akasema ndiyo, mchikichi. Mwalimu Otieno akasema mnazi, tena sasa kwa uhakika. Nilijua wote wawili wanakosea, kwa sababu mnazi unatoa jani kutoka kwenye nazi yenyewe na kwenda juu kama kila mtu. Lakini kujua kwamba wanakosea si kujua mti ni gani.

Jibu nililipata Homa Bay. Form Three kwaya yetu ilikwenda kwenye tamasha la muziki, na mimi nilikuwa sauti ya pili, mstari wa nyuma, nikifungua mdomo bila kutoa kitu. Kwenye begi nilikuwa nimebeba ganda la kokwa moja iliyooza na mchoro wa jani, kwa kuwa Mwalimu Otieno alikuwa ameniahidi kunipeleka ofisi ya misitu. Alitimiza, na ninamshukuru, maana alijua huenda akaaibika.

Bwana misitu alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilichukua ganda, akalinusa, akaniuliza mimi na si mwalimu.

"Kwenye tunda moja kulikuwa na kokwa ngapi?"

"Tatu."

"Tunda moja, siyo matunda matatu?"

"Tunda moja. Kokwa tatu ndani."

"Basi mkoma tumeutoa, wenyewe huweka kokwa moja. Mkindu tumeutoa, mbegu yake ni kama tende. Mnazi..." Akamtazama Mwalimu Otieno, ambaye alikuwa akitazama dari. "Mnazi na mchikichi siwezi hata kuitaja. Sasa niambie chipukizi lilipitia wapi."

Nikamwambia. Lilikwenda chini, mkono mzima, jani likiwa kwenye ncha, limekunjwa.

"Nani alikuambia jani liko kwenye ncha?"

"Niliona."

"Unaonaje kitu kilichozikwa?"

Nikainama kufunga begi. Mwalimu Otieno alikuwa hapo hapo. Bwana misitu alingoja, halafu akaniachia. Akasema huo ni mvumo. Jani la kwanza na la pili ni panga, lakini yale yatakayofuata yatafunguka kama kipepeo cha kupepea moto, na shina la jani litakuwa na meno pembeni. Nikija kuyaona hayo, nisimuulize mtu tena.

Kisha akanieleza mahali pa kuupanda, na hili ndilo nataka mliandike. Mvumo unapita urefu wa nyumba tatu zilizopandana. Unaishi kuliko shule. Tunda lake likianguka kutoka huko juu, ni jiwe, kwa hiyo usiweke karibu na paa wala njia. Iko ya kiume na ya kike, na wako hutaujua hadi utakapokuwa mama wa watoto wakubwa. Na usichague mahali kwa macho. "Sahau uzuri," alisema. "Chukua mtaimbo, piga chini. Mtaimbo ukikataa, mvumo nao utakataa. Ukizama, na udongo ukitoka na unyevu, hapo."

Njiani kurudi Mwalimu Otieno alitazama dirishani hadi tulipoona ziwa. Hapo akasema, "Kumbe mvumo." Tangu siku hiyo amewafundisha hivyo bila kusitasita.

Niliporudi nilizunguka shule nzima na mtaimbo, majira ya saa kumi, kwa wiki mbili. Sehemu yote ya juu, madarasa, ofisi, bweni la wavulana, ni mwamba. Kina cha goti moja tu na chuma kinalia. Mahali pekee mtaimbo ulipozama wote ni kule chini, nyuma ya shamba la sukumawiki, karibu na kijito kinachokwenda ziwani. Hakuna njia, hakuna paa. Kuna matope na vyura. Nikachomeka kijiti.

Form Four, jani la tatu likafunguka kama kipepeo cha kupepea moto. Na muhula huo huo, Mwalimu Mkuu akatangaza paredini kwamba siku ya wazazi mgeni wa heshima atapanda Suruali yetu, ambayo yeye aliiita mti wa kifalme, mbele ya ofisi, karibu na mlingoti wa bendera. Shimo lilichimbwa siku iliyofuata. Likazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Nilikwenda kulitazama: lilikuwa limefika magotini na kusimama.

Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza niliishia mlangoni. Mara ya pili niliingia nikaulizwa nina shida gani, nikasema nilikuwa naomba chaki. Mara ya tatu nikapewa chaki kabla sijaulizwa. Nikamwomba Mwalimu Otieno anisemee. Alisema ameshamweleza Mwalimu Mkuu kwamba ni mvumo, na Mwalimu Mkuu akasema mvumo ni jina zuri, litasomeka vizuri kwenye kibao.

Mwisho Mwalimu Mkuu alikuja mwenyewe kitaluni, siku tisa kabla ya sherehe, kuona mti utabebwaje. Mwalimu Otieno alikuwepo. Nyar Kadem alikuwepo, anachekecha. Niliona kama sisemi hapo, mti utakufa mbele yangu kwa mara ya tatu, na safari hii hata kengele haitaniokoa.

"Mwalimu, pale hautaishi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo hadi akauliza nani amesema. Nikarudia. Nikachukua mtaimbo nikatangulia, kwa sababu kutembea ni rahisi kuliko kusimama ukitazamwa. Wakanifuata, Nyar Kadem na karai yake mkononi. Nikaushindilia ndani ya shimo lile la mawe meupe, ukalia kama kengele.

"Mwamba unavunjika," akasema Mwalimu Mkuu. "Na iko miti mingi inayoishi juu ya mwamba, binti. Utatafuta mahali pa kupita wenyewe."

"Huu haupiti pembeni. Unashuka moja kwa moja, na moyo wake uko huko chini. Ukigonga unaoza."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma."

"Basi umejuaje?"

Hakuna jibu lingine lililokuwepo. Nilikuwa nimelitafuta miaka miwili. Nikasema, nikitazama viatu vyake, kwamba zile kokwa mbili za Form Two hazikuliwa na mchwa. Nilizikata mimi, kwa wembe, nikidhani ni mizizi. Nikapasua vipande nikaona jani ndani. Majivu yalikuwa yamewekwa. Mchwa walikuja baadaye.

Nilisikia karai ikiwekwa chini.

"Wewe ndiye uliyekata," akasema Mwalimu Mkuu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na huyu mama akasemwa mbele yenu."

"Ndiyo."

Mwalimu Otieno akageuka kwa Nyar Kadem. Nyar Kadem aliokota karai yake, akaipangusa kwa leso, akaondoka bila kututazama hata mmoja.

Mwalimu Mkuu alilizunguka shimo lake lote. Hatimaye akauliza mahali pa mti ni wapi, kama si hapa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema mgeni hawezi kupelekwa kwenye vyura na viatu vyake. Nikasema mgeni ataondoka jioni. Sikukusudia iwe jeuri, ndivyo ilivyotoka. Nilidhani atanirudisha nyumbani. Akasema, "Shimo la huko chini utalichimba peke yako. Sitaki kuona mkono wa mtu mwingine. Na ukimaliza, utakwenda kwa mama yule."

Sijawahi kupewa adhabu tamu namna ile. Nilichimba kila siku baada ya masomo. Atieno alikuwa akija kukaa ukingoni, miguu inaning'inia, akinihesabia vyura na kuuliza kama Watanzania wote wanachimba polepole. Siku ya nne nilikuwa ndani hadi kifua. Siku ya saba maji yakaanza kujikusanya vidoleni, meupe kama ya kuoshea mchele, na hakuna jiwe hata moja nililoligonga. Nasema bila haya: lile ni shimo bora kabisa lililowahi kuchimbwa shule hii, na limefukiwa, hamtaliona.

Kwa mama yule nilikwenda siku ya kwanza, sikungoja kumaliza. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo kibovu Atieno alichonifundisha. Alikuwa akijaza tyubu. Alijaza hadi ya mwisho, akaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Alinipa kazi kwa kidole, kama siku yangu ya kwanza, na mara hii sikuwa na karai ya kujifichia. Mwalimu Otieno yeye alimwendea mbele ya klabu nzima, mahali pale pale, akasema alikosea. Nyar Kadem alimjibu, "Nimesikia, Mwalimu." Mimi hakunijibu.

Siku ya wazazi mgeni alipanda bogenvilia kwenye shimo la mlingoti. Inafaa mwamba, na imeshatoa maua. Walipiga picha nyingi.

Sisi tulikuwa chini kwenye kijito, saa tisa, wageni wakiwa wanakula. Mimi, Atieno, Mwalimu Otieno, na Ouma aliyekuja kusimamia. Suruali, gunia lake limeanza kuoza lakini bado limeshika, ilikuwa imetolewa kwenye shimo la kitalu na kuletwa kwa wilbaro, imelala juu ya majani ya ndizi, ndefu kama mtu. Ilitaka kushushwa wima bila kupinda hata kidogo. Mwalimu Otieno akakunja mikono ya shati. Nikapiga magoti nishike.

"Ngoja, ngoja," akasema Ouma. "Mwanamke hapandi mti huku kwetu. Akipanda, mume anakufa. Mpeni Mwalimu apande."

Wengine mmeshayasikia haya nyumbani. Hata kwetu Ntimaru nimesikia kitu kama hicho. Niliinuka nusu, nikabaki hivyo, sijui kama ni kusimama au kupiga magoti.

Nyar Kadem alikuwa amefika nyuma yetu bila kusikika, leso imefungwa kiunoni.

"Wangu alishatangulia, Ouma," akasema. "Sasa mti utamuua nani?"

"Wewe sawa. Na huyu msichana?"

"Huyu ana mtihani kwanza. Huyo mume akija, ataukuta mti."

Atieno alicheka hadi akakaa kwenye matope. Ouma akasema yeye amesema tu, wasije kumlaumu. Nyar Kadem akamwondoa Mwalimu Otieno kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayesogeza ng'ombe wa jirani. Akainama, akaingiza mikono chini ya gunia upande wa majani. Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza katika siku tisa.

"Shika huko chini wewe," akasema. "Huko ndiko mti uliko."

Nikashika.